Barua za marehemu mjomba: jinsi ya kuzituma tena bila kuziharibu

Kimya changu cha wiki mbili kina sababu, na sababu yenyewe si UE wala bumu kuchelewa (ingawa na hilo nalo lipo, tuombeane). Nilikuwa nahangaika na barua pepe za mtu aliyefariki mwaka 2014, na zilipotakiwa kufika ni Mamba, milimani kwetu Upareni, wilaya ya Same. Wengi mmeniuliza kwenye korido nakesha na laptop nafanya nini wakati mimi ni mtu wa elimu, siyo wa sayansi ya kompyuta. Leo nawajibu wote kwa pamoja, maana naona kuna mtu humu siku moja atatumwa kazi kama hii na ukoo wake.

Mnajua utani tunaotaniwa Wapare: kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Huwa nacheka na wenzangu, sina neno. Ila safari hii kesi haikuwa ya kuku jamani, ilikuwa ya shamba la tangawizi, na Mamba ukisema shamba la tangawizi umesema ada za watoto, bati za nyumba na dawa za bibi.

Mambo yalikuwa hivi. Mjomba mkubwa alifanya kazi Dar miaka mingi. Mwaka 2009 aliwaandikia wadogo zake barua pepe, kwamba lile shamba alilopewa na babu, mjomba mdogo alilime lote. Mwaka 2012 akaandika nyingine: nusu ya chini, ile ya upande wa mfereji, apewe mama mdogo. Mwaka 2014 akatutoka. Miaka ikapita bila mtu kugusa jambo hilo, kwa sababu mama mdogo alikuwa na biashara yake Same mjini na hakuwa na haja ya kupanda mlima kwenda kulima. Alipokuja kuwa na haja, mjomba mdogo akasema barua anayoikumbuka yeye ni moja tu, ile ya "lima lote".

Binamu yangu ndiye aliyebaki na kompyuta ya baba yake. Mwaka 2023 akaona amalize ubishi: akafungua ile programu ya barua, Thunderbird, akazitafuta zile barua mbili, akawafowadia wote. Yaani badala ya kuuzima moto akaumwagia petroli.

Kwa nini? Kwa sababu ukifowadi barua unaandika barua mpya. Zilipofika kwenye simu za watu zilionyesha zimetoka kwa binamu, siyo kwa mjomba. Zote zilikuwa na tarehe moja ya mwaka 2023, zimepishana dakika nne, na ya 2012 ilitangulia kwa sababu ndiyo aliyoiona kwanza. Ule mstari wa ndani unaosema "iliandikwa tarehe fulani" ni maandishi ya kawaida tu ambayo mtu yeyote anaweza kuyafuta na kuandika mengine. Babu mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti wa kikao cha ukoo, akasema kwa sauti yake ile ya pole: "Hizi barua mbili zimeandikwa na huyu kijana, siku moja." Na ukitazama kilichokuwa mbele yake, mzee alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Sasa waliopokea zile barua zamani zile si wangekuwa na nakala zao? Ndivyo ungetegemea. Mama mdogo kikasha chake cha zamani kilifutwa kwa kukaa muda mrefu bila kufunguliwa. Mjomba mdogo yeye alifunguliwa anwani kwenye intaneti kafe ya Same mjini, na nywila alikwishaisahau kabla hajafika nyumbani. Basi ukoo ukakumbuka kwamba kuna mtoto yuko chuo. Mnajua tena, ukiwa chuo wewe ni mwanasheria, daktari na fundi redio.

Kazi niliyopewa ilikuwa kuzirudisha barua za mjomba kwa wale alioandikia, zikiwa kama alivyoziandika yeye.

Hapa lazima niwape somo dogo, na kwa kuwa mimi ni mwalimu mtarajiwa nitatumia zana za mazingira. Wazazi wetu walipokuwa milimani hawakuwa na sanduku la posta la kila nyumba. Barua ilikuja kwa sanduku la shule au la kanisa. Juu ya bahasha imeandikwa Mwalimu Mkuu, shule fulani, S.L.P. fulani, Same. Ndani yake kuna karatasi inayoanza "Mpendwa mama yangu". Posta hawaisomi ile karatasi, wanasoma bahasha. Na yule mwalimu mkuu anaweza kuitia barua ile ile kwenye bahasha nyingine, akaandika jina la kijiji cha juu zaidi, akampa kondakta wa gari la kupanda mlima. Barua inabaki ya mwana kwa mama yake. Iliyobadilika ni bahasha.

Barua pepe iko hivyo hivyo kabisa, ila sisi watumiaji bahasha hatuioni. Mwezi Agosti 1982 zilitoka nyaraka mbili tofauti huko Marekani. Moja, RFC 821 ya Jonathan Postel, ilieleza jinsi seva mbili zinavyokabidhiana barua: huyu ndiye mtumaji, huyu ndiye mpokeaji, haya pokea mzigo. Hiyo ndiyo SMTP, na ndiyo bahasha. Ya pili, RFC 822 ya David Crocker, ilieleza sura ya barua yenyewe: mstari wa From, wa To, wa Date, halafu maneno. Zimefanyiwa marekebisho mara kadhaa (za mwaka 2008 zinaitwa RFC 5321 na 5322) lakini ule mgawanyo haujaguswa. Majina unayoyaona juu ya barua ukiifungua si lazima yafanane na yaliyoandikwa kwenye bahasha.

Ukishaelewa hilo, kazi yote inakuwa sentensi moja: chukua barua ilivyo, itie kwenye bahasha mpya, mkabidhi seva. Kazi ya kurudiarudia hivyo kwa barua mia kadhaa huifanyi kwa mkono, unaiandikia skripti.

Thunderbird huhifadhi barua zote za folda moja kwenye faili moja refu la aina ya mbox. Kila barua inaanza na mstari wenye neno From likifuatiwa na nafasi, bila nukta mbili. Kuna zana ya zamani ya Linux, formail, ambayo inalikata faili hilo barua moja moja na kuzipitisha kwenye programu ya kutuma. Amri yake ni mstari mmoja:

formail -s sendmail -oi anwani < barua.mbox

Hilo -oi usilidharau. Bila hilo, barua ikiwa na mstari wenye nukta peke yake, programu inadhani barua imeishia hapo na inayobaki inapotea. Mimi mwishowe nilitumia Python, maana nilihitaji kuchuja na kuandika kumbukumbu, lakini kwa kazi ndogo ule mstari mmoja unatosha.

Mitego sasa, na ndiyo sababu nilikesha.

Mtego wa kwanza ndio wenye hatari kuliko yote. Sendmail ina swichi nyingine, -t, ambayo maana yake ni "soma majina ya wapokeaji kutoka ndani ya barua". Na Python ina kitendo kinachoitwa send_message ambacho usipokipa anwani kinafanya jambo hilo hilo. Fikirieni hapo: barua mia kadhaa za marehemu, kila moja ikisomwa To na Cc zake na kutumwa upya kwa kila mtu aliyewahi kuandikiwa. Wafanyakazi wenzake wa zamani, wadeni wake, marafiki, wote wanapokea salamu kutoka kwa mtu waliyemzika. Kwa hiyo kwenye skripti yangu anwani za bahasha nimeziandika mwenyewe waziwazi, na kabla ya yote nilipitisha kila kitu kwenye seva ya majaribio ndani ya laptop yangu, ambayo inapokea barua na kuichapisha kwenye kioo tu, haitoi kitu nje.

Mtego wa pili ni mtumaji wa bahasha. Barua ikishindikana, taarifa ya kushindikana inarudi kwa jina lililo nyuma ya bahasha. Hapo niliweka jina langu. Mimi ndiye mbebaji, ikigoma irudi kwangu.

Mtego wa tatu ni wa siku hizi. Huduma kubwa za barua sasa zinakagua kama seva inayoleta barua ina ruhusa ya kusema kwa niaba ya kikoa kilichoandikwa kwenye From. Ukaguzi wenyewe unaitwa SPF, DKIM na DMARC. Seva yangu haina ruhusa ya kusema kwa niaba ya anwani ya mjomba, kwa hiyo ningezituma kwenye hizo huduma kubwa zingeishia kwenye spamu au kukataliwa mlangoni, na zingekuwa na haki kukataa, maana matapeli ndivyo wanavyofanya. Nilichofanya nilikodi seva ndogo, nikaweka Postfix ya kupokea na Dovecot ya kusomea, nikawafungulia mama, mama mdogo na mjomba mdogo vikasha vipya humo. Mlango ni wangu, mwenye kuamua kupokea ni mimi.

Mtego wa nne ni mwisho wa mistari. Faili la Linux linamaliza mstari kwa alama moja, SMTP inataka mbili. Tangu ulipotangazwa udhaifu ulioitwa SMTP smuggling mwishoni mwa 2023, seva nyingi zimekuwa kali kwenye jambo hilo. Badilisha kabla ya kutuma. Nyingine ndogo: ukirudisha barua kwa anwani ile ile iliyowahi kuipokea, Postfix inaweza kuona mstari wa Delivered-To wa zamani ikadhani barua inazunguka, ikaikataa. Mstari huo unaondolewa.

Kuna mstari mwingine nilioutoa, na huo ulinikalisha kitako nikafikiri. Nakala ya barua uliyotuma, ile inayobaki kwenye kompyuta yako, inaweza kuwa na mstari wa Bcc, yaani majina ya uliowapa nakala kwa siri. Waliopokea hawakuuona mstari huo. Ukituma nakala hiyo ilivyo, unamfunulia dada siri ya kaka yake. Nikaona kuuondoa ndiko kuirudisha barua ilivyofika mwanzo. Zaidi ya mistari ya aina hizo sikugusa kitu, hata makosa ya herufi ya mjomba yako pale pale.

Badala ya kubadilisha, kanuni zinakuruhusu kuongeza. RFC 5322 ina mistari maalumu ya kuweka juu kabisa: Resent-From, Resent-To, Resent-Date. Maana yake: mimi fulani, leo, nimeipeleka barua hii tena kwa fulani. Ni kama yule mwalimu mkuu kuweka sahihi yake kwenye daftari la barua. Ile Date ya mjomba ya mwaka 2009 inabaki, na yangu inakaa juu yake ikiwa na jina langu. Hakuna anayejifanya mwingine.

Mshikaji wangu mmoja wa uhandisi aliniambia najisumbua bure, kwamba ningeweza kuziingiza moja kwa moja kwenye vikasha kwa njia ya IMAP, tena na tarehe zake za zamani, zikajipanga vizuri. Ni kweli, na kama ningekuwa nahamisha kikasha changu mwenyewe ningefanya hivyo. Lakini hapa kuna ugomvi. Barua ikiingia kwa IMAP ni kama mtu aliyeingia chumbani akaiweka mezani, hakuna aliyemwona. Ikipita kwa seva, kila seva inabandika mstari wa Received juu ya barua ukiwa na saa na ilikotoka. Nilitaka safari yangu ionekane.

Na mwendo? Hapo nilikumbuka ndiva. Kwa wasiotoka kwetu, ndiva ni bwawa dogo la asili la Wapare, utaliona maeneo kama Vudee na Bangalala. Maji ya mfereji ni machache, ukiyaacha yatiririke tu hayafiki shamba la mwisho. Kwa hiyo usiku yanakusanywa kwenye ndiva, asubuhi yanafunguliwa na watu wanagawana kwa zamu. Barua pepe yenyewe huku kwetu Afrika Mashariki ilianza kwa mtindo huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Nairobi na Kampala kulikuwa na vituo vya FidoNet, mtandao alioanzisha Tom Jennings huko Marekani mwaka 1984: barua zinakusanywa kwenye kompyuta, kisha simu inapigwa mara moja, zinakwenda zote kwa mkupuo. Wa HealthNet wao walitumia setilaiti ndogo, mojawapo HealthSat-2 iliyorushwa mwaka 1993, ambayo ilipita juu mara chache kwa siku ikibeba barua za madaktari. Kusubiri kulikuwa ndiyo mfumo.

Basi skripti yangu nayo inatuma kwa zamu: barua moja, inasubiri sekunde tano, inatuma nyingine, kuanzia ya zamani zaidi. Seva ikijibu kwa namba 250, barua imepokewa, na skripti inaandika namba ya barua hiyo kwenye daftari. Ikijibu kwa namba zinazoanza na 4, ni "njoo baadaye", inasubiri. Zinazoanza na 5 ni "hapana", inaiweka kando niitazame. Umeme ukikatika katikati, ukiwasha tena inasoma daftari na kuendelea ilipoishia, hairudii. Na nawaambia, ulikatika.

Hayo yote ni ufundi. Kazi ngumu ilikuwa ya watu.

Baba mkubwa mmoja wa ukoo alinipigia simu akaniambia: "Mwanangu, zitume zote kwangu, nitazisoma kisha nitawagawia." Mnajua ugumu wa kumkatalia mtu wa rika hilo. Nilimjibu kwa heshima zote kwamba, baba, skripti haina sehemu hiyo. Na kweli haikuwa nayo. Niliipa daftari la anwani za zamani: hizi zilikuwa za mama, hizi za mama mdogo, hii ya mjomba mdogo. Kwa kila mtu ilichukua barua zile tu ambazo yeye alikuwa kwenye From, To au Cc. Mama mdogo akapata za mama mdogo. Barua za mjomba na mkewe, za kazini, za hospitali, hazikwenda kwa yeyote, na mimi sikuzifungua. Baba mkubwa alikaa kimya kidogo akasema, "Haya." Siku tatu hakupokea simu yangu, siku ya nne akanipigia kuniuliza kama nimekula. Yakaisha.

Faili lenyewe la asili sikulifanyia kazi hata mara moja. Nilifanya nakala, na mbele ya binamu na babu mdogo nikapiga alama ya SHA-256 ya faili la asili, ile namba ndefu ambayo ikibadilika herufi moja kwenye faili nayo inabadilika yote. Kila mmoja akaiandika kwenye karatasi yake. Flashi moja akabaki nayo binamu, nyingine babu mdogo, kaifunga kwenye leso.

Siku ya kutuma nilimpigia kwanza mama mdogo. Nikamweleza kwamba jioni saa kumi na mbili barua za mjomba zitaanza kuingia, asishtuke. Akaniuliza swali ambalo vitabu vya kompyuta havina: "Zitaingia kama vile anaandika leo?" Nikamwambia ukweli, kwamba simu nyingine hupanga kwa siku ya kufika na nyingine kwa siku ya kuandikwa, kwa hiyo huenda simu ikalia na jina la kaka yake likatokea juu kabisa. Akasema nisubiri amalize kupika makande, halafu awe amekaa na mama yangu. Nikasubiri. Saa mbili usiku akanitumia ujumbe mfupi: "Sasa." Nikabonyeza.

Mama alinisimulia baadaye kwamba simu ililia, wakatazamana, hakuna aliyeishika. Ikalia tena, na tena, kila baada ya sekunde tano. Ilipofika ya kumi hivi mama mdogo akaichukua, na hawakuanza na barua ya shamba. Walianza na ile ya mwaka 2008 ambayo mjomba anawalaumu kwamba hawajamtumia parachichi.

Kikao kilikaa Jumapili iliyofuata, Mamba. Mjomba mdogo alikuja na mwanawe, kijana wa kidato cha sita, kichwa kweli kweli. Nilikuwa nimewafungulia barua ghafi, na mistari yake yote. Yule kijana akanyoosha kidole: "Barua ya pili, ya Juni 2012, mjomba kaituma saa nne usiku. Lakini jibu la mama mdogo lina saa tatu usiku, tarehe ile ile. Jibu limetangulia barua!"

Watu wakaguna. Nilifurahi, nisidanganye, maana swali lilikuwa zuri. Mjomba alitumia programu ya kwenye kompyuta yake, na mstari wake wa Date unaishia na +0300, saa za kwetu. Mama mdogo aliandikia kwenye tovuti, na seva za huduma ile ziliandika saa za California, -0700. Tofauti ni saa kumi. Saa tatu usiku ya kule ni saa moja asubuhi ya kesho yake Same. Babu mdogo akahesabu kwa vidole, mara mbili, akatikisa kichwa kukubali.

Na jibu hilo ndilo lililobeba mzigo. Niwaeleze kwa nini. Barua za mjomba tulizokuwa nazo ni nakala za alizotuma, na nakala ya namna hiyo haina mistari ya Received ya safari yake ya kwanza, kwa sababu ilihifadhiwa hapo hapo kwake. Tarehe yake ni ya saa ya kompyuta yake tu. Lakini jibu la mama mdogo lilisafiri, lina mihuri ya seva zilizolipitisha mwaka 2012, na lina mstari wa In-Reply-To unaotaja namba ya utambulisho ya ile barua ya mjomba, herufi kwa herufi. Barua ya nusu ya chini ilikuwepo Juni 2012, na ni ya baadaye kuliko ile ya 2009.

Mjomba mdogo aliisoma mwenyewe, kimya, simu kaishika mbali na macho. Akasema, "Huyu ni kaka. Mimi hii sikuwahi kuifungua." Hakuna aliyemwambia neno. Mpaka wa hiyo nusu bado unabishaniwa hadi leo, kwamba unapita kwenye masale au kwenye jiwe, na hilo skripti haiwezi. Lakini hakuna tena anayebishana kama mjomba aliandika.

Kwa wenzangu wa sheria watakaoniuliza: ndiyo, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inakubali ushahidi wa namna hii, na uzito wake unapimwa kwa jinsi ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyosafirishwa, na kama haukuguswa. Hatukufika huko, namshukuru Mungu. Lakini someni tena hayo mambo mkiwa mnaifikiria ile barua ya kufowadi, mtaona ilipopungukiwa. Wala msidhani kutuma tena kwa skripti kunathibitisha kitu. Mwenye nia mbaya angeweza kulihariri faili kabla hajanipa. Ninachoweza kusema mimi ni kwamba mkononi mwangu haikuharibika, na kila mtu anaweza kukagua nilipopita.

Ushauri wangu kwenu ukirudi likizo: muulize mzazi wako kama ana barua pepe ya zamani, na kama bado anaikumbuka nywila. Ifungue, pakua kila kitu, weka nakala mbili sehemu mbili tofauti. Usisubiri mpaka iwe kazi ya kikao.

Anayetaka skripti aje rumu na flashi, ni mistari sitini tu na maelezo yake nimeandika kwa Kiswahili. Ila aje baada ya UE, maana Jumatatu nina karatasi ya saikolojia ya elimu na sijagusa hata ukurasa. Niombeeni jamani.